Mkopo wa Nyumba ya Kitendaguro

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulikuwa umepamba moto, na soko la Bukoba siku hiyo lilikuwa halipitiki. Rahima, fundi cherehani, alikuwa amevaa gauni la maua alilolishona mwenyewe na ushungi wa zambarau. Akanyoosha mkono kuchukua kopo la mwisho la senene waliokwisha kunyonyolewa. Mkono mwingine ukalishika kopo lile lile.

"Samahani dada, mimi ndiye niliyekuwa naelewana bei na mama hapa."

"Kuelewana bei siyo kununua, kaka yangu. Mimi pesa iko mkononi."

Muuzaji akacheka mpaka kanga ikamteleza. "Oaneni tu, jamani waitu, mle sahani moja!"

Mwanaume naye akacheka, akaliachia kopo. Alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, na vumbi la chaki kwenye kiwiko. Akajitambulisha kwa jina la Hafidhi, mwalimu wa sekondari kule Muleba.

"Chukua. Ila nipe namba ya simu, nije niulize kama walikuwa watamu."

"Namba yangu kwa kopo la senene? Mwalimu, unapenda vya rahisi."

"Basi nitajie bei."

Bei hakumtajia, lakini namba alimpa.

Ikawa kila jioni simu inaita. "Umekula nini, mpenzi?" Hafidhi angeuliza. "Ndizi na maharage. Wewe?" "Mimi nimeshiba sauti yako." Rahima angecheka peke yake mbele ya cherehani. Jumamosi Hafidhi alikuja Bukoba wakatembea ufukweni mwa ziwa, na baada ya mfungo alipelekwa mtaa wa Kitendaguro kumwona Bi Asha, mama yake Rahima. Bi Asha alimpenda tangu aliposikia salamu yake. "Huyu kalelewa," akamwambia binti yake jikoni.

Nyumba ile ya Kitendaguro haikuwa yao. Bi Asha aliipanga akiwa mjane kijana, akamlelea Rahima humo, akapanda migomba nyuma na mbuni mmoja wa kahawa karibu na dirisha. Mzee mwenye nyumba alipofariki, mwanawe Mwijage alikuja kutoka Dar es Salaam, akakaa sebuleni, akaongea kwa adabu.

"Mama, sisi watoto tumeamua kuuza. Lakini nyie mmekaa hapa miaka yote, nawapa nafasi ya kwanza. Nitasubiri mpaka mwisho wa Septemba."

Usiku ule simu ya Hafidhi ilipopokewa, Rahima alikuwa analia.

"Nyamaza, kipenzi changu. Mimi ni mwajiriwa wa serikali. Benki zinatoa mkopo wa nyumba, unakatwa kwenye mshahara taratibu. Tutainunua, tuoane, mama akae nasi."

"Kweli, Hafidhi?"

"Niachie mimi."

Rahima akamwachia. Akampa na akiba yake yote ya cherehani iwe kianzio, maana benki haikopeshi bei nzima ya nyumba. Mjomba wake Lukmani alipopiga simu kutoka Mwanza akisema, "Nina hela ya samaki hapa, niinunue nyumba dada yangu akae," Rahima alimjibu kwa fahari: "Asante Mjomba, mchumba wangu analishughulikia."

Mwezi ukapita.

"Benki wamesemaje?"

"Bado wanapitia, mpenzi."

Mwezi mwingine. "Vipi leo?"

"Mthamini wao hajapata nafasi. Acha nikupigie baadaye, nina kipindi."

Hakupiga. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeongea huku anatazama mlango. Jumamosi akawa haji. Mara ana mitihani, mara ana mafua. Rahima alianza kusikiliza nyuma ya maneno yake kama kuna sauti ya mwanamke. Shoga yake Shadya akamwambia, "Mwanaume anayeogopa simu yako ana simu nyingine." Rahima alimkemea, kisha akalala na neno hilo.

Septemba ilipokwisha, Mwijage alikuja na mfanyabiashara mmoja wa mbao. Walizunguka nyumba mara moja tu, wakakubaliana. Rahima alimpigia Mjomba Lukmani kumwomba ile hela ya samaki. Akasikia pumzi ndefu upande wa pili.

"Mwanangu, ile hela nimenunulia mtumbwi na injini. Si ulisema limeshashughulikiwa?"

Kesho yake asubuhi Rahima alipanda basi la Muleba. Alimkuta Hafidhi kwenye chumba chake cha kupanga, amekaa kitandani, madaftari ya wanafunzi hayajafunguliwa. Rahima alitupa macho huku na huku akitafuta kiatu cha kike au kanga ya mtu. Hakuna kitu. Shati moja kwenye msumari na sufuria ya chai iliyopoa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo aliyekufanya unikimbie."

Hafidhi akamtazama kwa mshangao wa kweli, kisha akafunika uso kwa mikono. "Rahima, hakuna mwanamke. Nilikataliwa mkopo ile wiki ya kwanza kabisa."

Ikamtoka yote. Alipoanza kazi alikopa kwenye kampuni moja ya mikopo ili alangue kahawa na rafiki yake. Bei ikaanguka, rafiki akahama na kilichobaki. Hafidhi alilipa kidogo, akaacha. Kampuni ilipofunga ofisi yake Bukoba, naye akahesabu deni limekufa. Afisa wa benki, dada mmoja aitwaye Klaudia, aliingiza namba yake ya kitambulisho kwenye kompyuta, likatokea lote, pamoja na mikopo ya simu ambayo hakuirudisha.

"Akaniambia, 'Mwalimu, mshahara wako unatosha, ila jina lako limechafuka. Lipa, halafu subiri miaka lisafike.' Nikatoka pale sioni njia. Ningekuambia nini? Mama ameshaanza kuniita mwanangu."

"Ungeniambia hivyo hivyo," Rahima akasema. "Mjomba alikuwa na hela, Hafidhi. Ilikuwepo."

Kisha akauliza lile aliloliogopa tangu kwenye basi. "Na akiba yangu?"

Hafidhi hakuinua uso. Alikuwa amempata mtu, Kyaruzi, aliyejigamba kuwa ana jamaa Dar es Salaam wa kufuta majina ya wadaiwa kwenye mfumo wa benki. Alimpa ile akiba. Simu ya Kyaruzi sasa haipatikani.

Rahima alikaa chini, kwenye sakafu, mgongo ukutani. Hafidhi naye akashuka akakaa kando yake. Wakalia pamoja. Katikati ya kilio akagundua kwamba kichwa chake kiko begani kwa Hafidhi, na kwamba bado anampenda, tena vibaya sana.

Siku ya kuhama, Hafidhi alifika Kitendaguro kabla ya jua kali. Bi Asha alikuwa anarudi kwao Ijumbi, wilayani Muleba, kwenye nyumba ya marehemu kaka yake. Rahima alikuwa amemwambia mama tu kwamba benki imekataa. Hafidhi alibeba kitanda, akabeba kabati, akapakia kila kitu kwenye pikapu mpaka shati likamgandama. Bi Asha akamshika kichwa akamwombea dua. "Umejitahidi, mwanangu. Mungu ameona."

Hafidhi akakimbilia nyuma ya nyumba. Rahima akamfuata penye migomba.

"Nioe hivi hivi," Hafidhi akasema, kisha akajisahihisha, machozi yakimtoka, "yaani, nikuoe hivi hivi. Nitalipa deni, nitarudisha akiba yako. Nisubiri, Rahima. Tupange hata chumba kimoja."

"Chumba kimoja ningekaa na wewe tangu siku ya senene. Hukuniuliza." Alimfuta uso kwa ncha ya ushungi. "Ila kila ukiniambia 'bado wanapitia', sasa nitasikia nini? Siwezi, mpenzi wangu. Nimejaribu wiki nzima, siwezi."

Dereva akapiga honi. Rahima akaenda akapanda mbele, karibu na mama yake. Pikapu ikateremka taratibu. Bi Asha akageuza shingo, akamwona Hafidhi amesimama peke yake uani.

"Si tunapita Muleba? Mbona mwenzio hapandi?"

"Ana shughuli za benki hapa mjini, Mama," Rahima akasema. "Bado hazijaisha."