Koili Iliyoitikia Baada ya Kuzimwa

Koili ya kwanza ilikuwa imeshazimwa, plagi iko mkononi mwa fundi redio, ndipo ya pili ilipoitikia.

Alidhani masikio yanamchezea. Koili hizo mbili alizisuka mwenyewe kwa waya wa shaba wa transfoma mbovu, akauzungusha kwenye mabomba ya plastiki, akiongeza mizunguko na kupunguza mpaka zikapatana: moja ikipigwa umeme mkali, nyingine upande wa pili wa chumba inavuma na kutoa cheche, wala hakuna waya kati yao. Hilo alilielewa. Hili la kuvuma bila umeme hakulielewa, lakini lilimnogea. Akajaribu tena kesho yake, na keshokutwa.

Nyuma ya ukuta kilikuwa chumba cha mama mkwe wake.

"Mwanangu," mama huyo alimwambia binti yake mezani, sauti chini, "kuna mtu ananiita mchana. Ananukia kama kitu kilichoungua."

Binti akamgeukia mumewe. "Wewe umesikia chochote?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini tangu alipounguza friji alikuwa ameshaapa mbele ya mkewe kwamba hatachezea tena umeme ndani ya nyumba.

"Sijasikia," alisema, akainamia sahani. "Uzee tu huo."

Wakampeleka kwa daktari, akarudi na vidonge vya usingizi. Fundi ndiye aliyempa, kimoja kila adhuhuri na glasi ya maji, na kila adhuhuri mama mkwe alimshika mkono na kumnong'oneza, "Baba, usinilaze, nikilala anakaribia," naye akajibu, "Meza tu, mama," aibu ikimpanda shingoni kama joto la pasi, kisha akafunga mlango, akarudi kwenye koili zake, akausikia ukuta mzima ukivuma, na kitanda cha chuma kikitetemeka upande wa pili, na harufu ya kuungua ikipenya chini ya mlango, na bado hakusema.

Siku ya tisa ya vidonge mkewe alileta mganga, mwanamke mfupi asiyecheka. Alinusa hewa ya kile chumba, akauliza, "Nani alimwita?"

Halafu fundi akapiga magoti kando ya kitanda, machozi yakimtoka mbele ya mkewe.

"Ni mimi, mama. Ulikuwa unasikia kweli. Nilijua, nikakuacha uonekane umerukwa na akili. Nisamehe."

Mama mkwe akafumbua macho. Akampapasa kichwa taratibu, akitabasamu.

"Mkwe mwema," alisema, kwa sauti nzito ya mwanamume. "Mwenye mwili huu aliyangoja sana maneno hayo. Ungeyasema juzi, mimi nisingepata nafasi."

Mganga akaokota mkoba wake, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Mama yuko wapi?" mke aliuliza.

Hakumuuliza mganga. Alikuwa anamtazama mumewe.