Karatasi Iliyokatwa Kola

Fundi Kushoto alikuwa anashona sare za shule. Watu walimwita hivyo kwa sababu alishika mkasi kwa mkono wa kushoto. Mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine wa namna hiyo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya tanuri la matofali. Vumbi jekundu liliingia hata dirisha likiwa limefungwa.

Karibu na cherehani palikuwa na viti viwili. Kimoja chake, kingine cha wateja. Lakini wateja hawakai. Husimama mlangoni, huuliza, "Tayari?" kisha huondoka.

Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Alipiga simu kila Jumapili, huku akipika.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Unakula?"

"Nakula."

Kisha Fundi Kushoto alisikia sufuria, mwiko, maji. "Mama, ngoja, inaungua. Nitakupigia." Hakupiga tena mpaka Jumapili nyingine.

Ndiyo maana mwanafunzi wa chuo kikuu alipofika na daftari lake, Fundi Kushoto alimpangusia kiti hata kabla hajasema shida yake.

"Shikamoo, mama. Nafanya utafiti kuhusu watu wanaoishi peke yao."

"Marahaba. Basi umefika penyewe. Hapa hata panya wamehama."

Mwanafunzi alicheka. Alitoa karatasi mbili zinazofanana. "Ni utaratibu tu, mama. Tia sahihi hapa na hapa. Moja utabaki nayo."

Fundi Kushoto alikuwa amemaliza darasa la watu wazima mwaka uliopita. Alijua kusoma, polepole, kidole chini ya mstari. Lakini aliona haya kumsubirisha binti msomi. Akatia sahihi bila kusoma.

Wewe unayesoma hapa, usione haya kama yeye. Aliyekuletea karatasi mwache akae asubiri. Kama ana haraka, haraka ni yake.

Mwanafunzi alikuja kila Jumatano, wiki tisa. Alikunywa chai. Aliuliza swali, kisha alingoja jibu. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu angoje jibu la Fundi Kushoto.

Jumatano ya tisa, Fundi Kushoto alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba wa binti yangu hakufa. Alituacha mtoto akiwa na mwaka mmoja. Yuko hai, ana watoto wengine. Mimi nilimwambia mwanangu kwamba amekufa, ili asikae mlangoni kumngoja."

Kalamu ya mwanafunzi haikusimama.

Jumatano ya kumi Fundi Kushoto alitenga vikombe viwili. Chai ikapoa. Jumatano ya kumi na moja pia. Mwanafunzi alikuwa amemaliza maswali yake. Chuoni walimfundisha kuuliza. Hakuna aliyemfundisha kuaga.

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja jirani yake, Mzee Gundi, alisimama mlangoni. Kazi yake ilikuwa kutia majalada vitabu vya wanafunzi, kwenye kibanda karibu na lango la chuo. Vidole vyake havikuwahi kukosa gundi.

"Dada, una nafasi?"

"Nafasi ndiyo mali niliyo nayo. Kaa."

Mzee Gundi alikaa. "Nimeletewa kitabu cha utafiti nikitie jalada. Kurasa mbili zilishikana. Nilipozibandua, macho yakaangukia maneno. Yanasema hivi: 'Mshiriki wa saba ni fundi cherehani anayekata kwa mkono wa kushoto, nyuma ya tanuri la matofali. Mumewe...' Hapo nikafunga. Hayakuwa yangu."

"Ameandika jina langu?"

"Hapana. Umeitwa Mshiriki wa Saba."

"Basi nani atajua?"

Mzee Gundi aliutazama mkasi katika mkono ule wa kushoto. Fundi Kushoto akauweka chini taratibu.

"Keshokutwa kinapelekwa chuoni," mzee alisema. "Nakala moja itakaa maktaba. Na muhtasari wake utasomwa kwenye mkutano wa mtaa."

"Mwanangu ana marafiki hapa. Atayasikia kwa watu kabla ya kuyasikia kwangu. Akijua hivyo, hata ile Jumapili sitaipata."

Mzee Gundi alikuwa na hasira za siku nyingi. "Miaka thelathini natia majalada vitabu vya maisha ya watu. Sijamwona hata mmoja wa walioandikwa humo akisomewa. Unakumbuka mwaka ule kisima kilipokuwa kichungu? Watafiti walikuja na vichupa. Wakachota, wakatupiga picha, wakaenda. Mmoja wao alipata shahada. Sisi tukaendelea kunywa. Lakini huwa wanamwachia mtu karatasi moja aliyotia sahihi. Yako iko wapi?"

Fundi Kushoto aliinamisha kichwa. "Niliishiwa na karatasi za kupimia kitambaa. Nikaikata kola."

"Kola?"

"Mbili. Ndizo ninazopimia sare za watoto wadogo."

"Haya. Zilete hizo kola."

Moja ilikuwa kwenye droo. Nyingine bado ilikuwa imebanwa na pini juu ya kitambaa cheupe. Mabaki yalikuwa kwenye mfuko wa vipande. Wakaviunganisha vyote mezani, kwa pini.

"Nisomee," Fundi Kushoto alisema.

"Karatasi ni yako. Soma mwenyewe, mimi nipo."

Alitia kidole chini ya mstari. Alisoma polepole, akifuata mviringo wa kola. "Una haki... ya kuuliza. Una haki... ya kujitoa... wakati wowote... bila kutoa sababu." Akasimama, akarudia mstari ule. "Una haki ya kuomba... maneno yako... yaondolewe. Ukiwa na lalamiko... piga simu kwa kamati ya maadili."

"Hiyo kamati kazi yake ni hiyo," Mzee Gundi alieleza. "Kuangalia wanaofanya utafiti wasiwaumize watu. Hii inaitwa fomu ya ridhaa. Ridhaa ni kukubali baada ya kuelewa. Kama hukuelewa, hukukubali. Uliandika jina tu."

"Miezi mitano haki yangu imekaa shingoni mwa watoto," Fundi Kushoto alisema.

Akapiga simu. Alieleza mwanzo hadi mwisho. Aliyepokea aliandika yote. Akasema kitabu kitazuiwa.

Kesho yake walikuja wawili: mwanafunzi na mhadhiri wake. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja, kwa hiyo mhadhiri alisimama.

"Nisamehe, mama," mwanafunzi alisema. "Nilificha jina, nikadhani inatosha."

"Jina si kitu pekee kinachomtaja mtu," mhadhiri alisema. "Kazi humtaja. Mahali humtaja. Hata mkono. Kosa ni lake, lakini mimi ndiye mwalimu wake. Nilizisoma kurasa hizo mara mbili, nikasahihisha nukta na mikato."

"Nifute nini, mama?" mwanafunzi aliuliza.

"Nisomee kwanza."

Alisoma kwa saa nzima. Fundi Kushoto aliondoa mkono, akaondoa tanuri, akaondoa habari zote za mume. Walipofika mahali pa simu za Jumapili, alisema, "Hiyo ya sufuria iache. Wasomi waijue." Kisha akauliza, "Mbona hukurudi?"

"Nilikuwa nimemaliza maswali, mama."

"Mimi sikuwa nimemaliza."

Mwanafunzi alilia. Fundi Kushoto alimpa kipande cha kitambaa cheupe.

Tangu muhula ule, mhadhiri hakupokea kitabu cha mwanafunzi yeyote ambaye hajarudi kuwasomea watu aliowaandika. Mzee Gundi naye aliwauliza wote waliofika kibandani, "Umeshawasomea?" Anayesema bado, huambiwa gundi imekwisha.

Mwanafunzi alikuja Jumatano mbili zaidi. Ya tatu alikuja kuaga. Alikuwa amepata kazi mbali. Kiti kikabaki kitupu tena. Lakini safari hii Fundi Kushoto alijua sababu, na hakutenga vikombe viwili.

Jumapili iliyofuata simu ililia.

"Mama, hujambo? Unakula?"

"Nakula." Sufuria ilikuwa inachemka kule upande wa pili. Fundi Kushoto alivuta pumzi. Mkutano wa mtaa ulikuwa umepita, na siri yake haikusomwa. Angeweza kunyamaza. "Zima jiko, mwanangu. Nina neno kuhusu baba yako. Nataka ulisikie kwangu."

"Mama, chakula..."

"Najua."

Mwiko uliwekwa chini. Kisha sufuria ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza Fundi Kushoto alisikia mwanawe akivuta kiti.

"Nimekaa, mama," binti alisema. "Nakusikiliza."