Salamu za Mwisho wa Kaseti

Niyibizi, rafiki yangu fundi redio wa Kabanga, hapendi nisimulie hili. Yeye na Ndizeye wa Ntobeye wana kompyuta kuukuu, zile zinazosoma programu kutoka kwenye kaseti. Hutengeneza demo, maonyesho mafupi ya picha na muziki, kisha hupeana maoni.

Mchana mmoja Ndizeye alileta demo mpya. "Niambie ukweli, kaka," alisema, akaenda zake sokoni.

Niyibizi alifunga dirisha, chumba kikawa giza. Kaseti ikapiga ule mlio wake mkali, kisha mawingu yakatembea juu ya vilima vya kwao kama yako hai. Mwishoni zikapita salamu kwa marafiki. Jina la Niyibizi halikuwemo. Wivu ukamshika.

Akaandika kwenye karatasi: "Hii imezishinda zangu zote." Akayakata maneno hayo kwa wino mpaka yasisomeke. Chini yake akaandika: "Muziki mbovu. Anza upya."

Akairudisha kaseti mwanzo atafute kasoro zaidi. Mlio uleule, vilima vilevile. Kisha muziki ukanyamaza, zikaja salamu, taratibu, herufi moja moja:

"Asante, Niyibizi. Hii imezishinda zangu zote."