Baka la Kinasih

Kwanza ilikuwa harufu ya wino jikoni, na siku hiyo Wignyo hakuwa amechapa kitu.

Kwa miaka kumi na tano, hapo Yogyakarta, alikuwa amechora kwa sindano juu ya shaba na kuitia tindikali, na mistari yake ilitoka mikali: nyati, wapagazi wa sokoni, majivu ya volkano ya Merapi. Kisha homa ya dengi ikamchukua Kinasih, binti yake wa miaka sita, na mkono ukaikataa sindano. Akahamia kwenye jiwe la kuchapia na kalamu laini ya mafuta. Wajuzi wakasema sasa amekomaa. Wapi! Kilichokomaa ni msiba. Alichora sura moja tu. Kwa kuwa chapa hugeuza kulia kuwa kushoto, baka la shavu la kulia la Kinasih alilichora jiweni kushoto. Jiwe likishachapwa husuguliwa kwa mchanga hadi lifutike. Hilo hakulisugua.

Akaifuata harufu. Mkewe, Murti, alikuwa amekaa mkekani akiimba bembelezi, na mapajani pake palikuwa na mtoto.

“Mama Kinasih,” Wignyo alinong'ona, “umempakata nani?”

“Mwanao. Punguza sauti, ndiyo kwanza anasinzia.”

Mtoto akageuka. Baka lilikuwa shavu la kushoto.

“Si yeye! Huyo katoka jiweni!”

“Nimeliona, mimi si kipofu.”

“Basi mwache!”

“Wewe ulipomchora miezi mitatu, nani alikwambia umwache?”

Kesho yake akaja Kiai Sobirin, msomaji wa dua, akanusa hewa na kusema kwa sauti ya chini, “Jini limevaa sura uliyoiacha jiweni. Sugua.”

Wignyo akamwaga maji na mchanga, akasugua, na nyuma ya mlango sauti aliyoizika ikalia Baba unaniumiza, Baba, naye akasugua huku machozi yakichanganyika na tope la kijivu, akasugua paji, akasugua macho, akasugua baka, mpaka jiwe likawa jeupe na nyumba ikanyamaza. Akalia kama mtoto.

Siku ya tatu alimkuta Murti mbele ya kioo cha kabati, mikono mitupu ameikunja kifuani, anabembeleza.

“Njoo uone, Baba Kinasih,” alisema kwa upole. “Kwenye kioo baka liko mahali pake.”

Wignyo alijua hapaswi kutazama. Akatazama. Kisha akaketi kando ya mkewe, akasogea kidogo, mtoto apate nafasi.