Mlango wa Mzee Tajudini

Mzee Tajudini alikutwa amesujudu, mlango wa gereji yake umemkalia shingoni.

Miguu na magoti vilikuwa ndani, kichwa nje. Mlango wenyewe ni wa chuma tupu, uliachwa na Mzungu aliyeijenga nyumba ile ya Kiriri, mtaa wa matajiri wa Bujumbura, na tangu Mzungu aondoke haukuwahi kumheshimu mtu. Sasa ulikuwa umeinuliwa. Marehemu alilazwa nje, juu ya mswala wake, kafunikwa kitenge, kofia yake imebingirika hadi kwenye mfereji wa barabara.

Inspekta Sikuzani alifika na sketi mbichi na hasira kavu. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa uani kwake Nyakabiga akifua, umeme ukarudi, watoto wa mtaa wakalipuka kwa kelele kama kawaida yao, beseni likamponyoka na kummwagikia. Kabla sketi haijakauka, simu ikaita. Masikio yalikuwa bado yanamlia.

"Umechelewa," alisema Kamanda Akilimali, mkubwa wake. "Kazi imeisha. Yule pale."

Yule pale alikuwa Byamungu, zamu, yaani mlinzi wa nyumba, Mkongomani wa Uvira mwenye mabega ya kubebea magunia. Amefungwa kamba ya kuanikia nguo. Mdomo umepasuka. Ndugu wa marehemu walikuwa wamemzunguka, na kila aliyepita alimwachia teke, kama anayechangia msiba.

"Nani kampiga?" Sikuzani aliuliza.

"Sote," akajibu Khadidja, binti wa marehemu, bila kupepesa. "Na tutarudia."

"Mkirudia nitawafunga kwa kamba hiyohiyo, dada, na msiba utaendelea bila nyinyi."

Akilimali alimvuta pembeni. "Usiniletee maneno. Bwana yule alipofika kutoka dukani kwake alimkuta zamu bado ameshika kibonye cha mlango. Asubuhi zamu aliapa mbele ya watu kwamba mlango huu utammaliza mzee. Familia inataka kuzika kesho mapema. Magharibi ikiingia, huyu nampeleka gerezani na faili nalifunga."

"Bwana yupi?"

"Ilyasi. Mkwe wa marehemu. Mume wa Khadidja."

Sikuzani alitazama jua. Lilikuwa limeshaanza kulielekea ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo ilikuwa inageuka buluu. Huo ndio muda alioachiwa Byamungu: kutoka hapo jua lilipo hadi mlimani. Nje ya geti la chini mwanamke alikuwa ameketi chini, hasogei. Marguerite, mke wa zamu.

Daktari wa polisi alikuwa amemaliza. Uti wa shingo umevunjika, akasema, kifo cha papo hapo. Katika sikio la marehemu hakukuwa na kifaa chake cha kumsaidia kusikia; kilikuwa mfukoni, alikivua alipotawadha. Mlango ungeweza kunguruma kama trekta, yeye angeendelea kumsujudia Mola wake.

"Mfungueni huyo," Sikuzani aliamuru. Akamketisha Byamungu juu ya tairi kuukuu. "Uliapa?"

"Niliapa, mama. Apana kukataa."

"Kwa nini?"

"Mzee alisema mwezi ukiisha niende. Eti simu itafungua mulango, zamu wa nini? Miaka yote mi nafungua kwa mukono, jua na mvua, leo nashindwa na kadude kama kasabuni! Nikamwambia, mulango huu utakumaliza wewe. Ilikuwa asira tu."

"Na kibonye?"

"Nilikuwa geti ya chini. Nikasikia mota inalia, nikapanda. Nikamukuta vile. Nikabonyeza ili umutoke shingoni! Ungeniona nacheka, ungesema nimeua. Waliniona nabonyeza, wakasema nimeua."

"Umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mulango uko wazi. Na jenereta imekataa. Mchana nilitia esansi ya mzee, ikakohoa, ikatema, ikakufa. Mzee akanusa bidoni. Akawa mukali! Tangu pale hakutoka humu, hata musikitini hakuenda. Aliweka muswala palepale mulangoni, anaswali huku analinda."

"Analinda nini?"

Byamungu alionyesha kona kwa kidevu.

Mabidoni ya njano, madumu ya mafuta, yalikuwa yamepangwa chini ya turubai. Siku hizi Bujumbura esansi, petroli hiyo, ni kama mchumba mzuri: watu wanalala mlangoni kwake, na bado hatoki. Mwenye bidoni moja ananyamaza. Mwenye kona nzima anatakiwa anyamaze zaidi. Sikuzani alifungua la kwanza, akanusa, akachovya kidole, akalamba.

"Afande!" Konstebo Destin alishtuka. "Sumu hiyo!"

"Sumu gani? Haya ni maji ya bomba. Na ya Kiriri, maana hayana matope."

Akafungua la pili, la tatu. Maji. Mtu alikuwa anachota esansi ya mzee na kumrudishia maji, taratibu, kwa adabu kabisa.

Kisha akatazama juu. Mota ilining'inia darini, kuukuu, imeliwa na kutu, pengine ya umri wa Inspekta mwenyewe. Pembeni yake kiliunganishwa kidude cheupe chenye taa ya kijani inayometameta.

"Nani alifunga hicho?"

"Mimi," ilijibu sauti ya nyuma.

Ilyasi alikuwa mwanaume nadhifu mwenye kanzu iliyopigwa pasi, na machozi aliyoyapiga pasi pia. Ana duka la simu na vyombo vya umeme Nyakabiga. Ukimuuliza kidogo anakueleza sana.

"Mota ya zamani haina haja ya kutupwa," alisema. "Hicho kidude kinaingia mtandaoni. Unagusa simu, chenyewe kinabonyeza kibonye badala ya kidole chako. Hata ukiwa Ulaya."

"Hata ukiwa Nyakabiga."

"Hata Nyakabiga. Lakini leo simu yangu ilikuwa imezimika. Hakukuwa na umeme tangu asubuhi."

"Nani mwingine anaweza kukiamrisha?"

"Mzee mwenyewe. Simu yake mnayo nyinyi. Na yeyote mwenye kubonyeza pale ukutani." Alimtazama Byamungu. "Mtu kama huyo hahitaji mtandao."

"Mbwa wewe," Byamungu akasema kwa upole.

"Mnasikia? Unamlisha, anakuua, kisha anakutukana!"

"Tuliza kanzu," Sikuzani akasema. "Mlango kama huu ukiona mtu chini si unatakiwa kurudi juu?"

Ilyasi alionyesha sakafu kwa kidole. "Niliweka macho ya umeme. Mawili, kulia na kushoto, karibu na sakafu. Kitu kikipita katikati yake, mlango unakataa kushuka. Kama hayapo, zamu ameyang'oa."

Kulia, kushoto, palibaki matundu ya misumari tu. Destin alipanda ngazi. Alikaa huko juu kwa muda, akipiga chafya.

"Afande, macho yako huku! Nyuma ya mota. Yamefungwa pamoja kwa utepe mweusi, yanatazamana kama wachumba."

Hapo hata Akilimali alikuja kuangalia. Macho yanayotazamana huko juu hayaoni kinachopita chini. Mlango ulikuwa kipofu, na mtu alikuwa ameupofusha makusudi.

"Zamu!" Khadidja alipiga kelele. "Si nimewaambia?"

"Ushushe mlango, Destin," Sikuzani aliamuru. "Msiba ubaki huko nje. Bwana Ilyasi, wewe baki."

Mlango ulishuka ukinguruma, ukapiga sakafu. Wote waliokuwa ndani waliruka kidogo. Ilyasi aliruka sana. Walikuwa wanne na taa moja: Inspekta, konstebo, zamu, mkwe. Wa tano ni Khadidja, kwa kuwa alikuwa amegoma kutoka.

Kana kwamba ulikuwa unasubiri hilo tu, umeme ukakatika.

"Haya," Sikuzani alisema gizani, akiketi juu ya bidoni la maji. "Washa tochi, Destin. Tuongee. Wewe Ilyasi, saa ya Alasiri ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Dukani kwangu, Nyakabiga. Simu imezimika, nasubiri umeme niichaji."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Bila umeme nani aje kununua chaja?"

"Kisha umeme ukarudi."

"Ukarudi."

"Ulijuaje?"

Ilyasi alicheka kwa dharau. "Mama, umeme ukirudi mtu anajua."

"Mimi mshamba. Nieleze."

"Majenereta yalinyamaza. Moja, halafu la jirani yake, halafu lile la mbali. Kukawa kimya. Basi nikajua umerudi, nikachomeka simu, kisha nikapanda huku."

Destin aliona mabega ya Sikuzani yanatikisika, akadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka.

"Kimya," alisema. "Nyakabiga."

"Ndiyo."

"Baba, mimi nakaa Nyakabiga nyuma ya soko. Mtaa wetu ulikuwa na jenereta moja, la mwenye baa, nalo liliibwa pamoja na baa. Umeme ukirudi kwetu, watoto wanapiga 'Uraje! Urajeee!', yaani unakuja, hadi wafu wanageuka upande. Wamama wanapiga vigelegele. Redio zote zinaamka kwa wakati mmoja. Tazama sketi hii. Hii sketi imelowa kwa sababu ya kelele za umeme wa leo!"

Ilyasi alifungua mdomo.

"Subiri, utasema baadaye. Mahali ambapo umeme ukirudi watu hawapigi kelele, majenereta tu ndiyo yanayonyamaza, moja baada ya jingine, ni huku. Huku kwenye majumba. Leo Alasiri ulikuwa Kiriri."

"Nilikosea. Nilikuwa nimesinzia dukani, sikusikia vizuri..."

"Ulisinzia kelele, ukaamka kusikia majenereta yasiyokuwepo?"

"Huwezi kumfunga mtu kwa kelele za watoto!" Ilyasi alifoka. "Wewe mwanamke wa kandambili, unajua mimi nani?"

Kweli, alikuwa amevaa kandambili. Alizitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

"Siwezi," alikubali. "Destin, nipe ule utepe."

Destin aliutoa katika mfuko wa ushahidi kwa koleo, akaumulika.

"Utepe wa umeme una upande wa gundi," Sikuzani alisema. "Mwizi anafuta kibonye, anafuta mlango, anafuta simu. Upande wa gundi hakuna anayeufuta, maana umeshafunikwa. Gundi inapenda vidole. Asubuhi maabara watanisomea. Ikiwa ni vya zamu, nitakuomba radhi mbele ya msikiti mzima. Ikiwa ni vyako, uliyesema umeyaacha macho pale chini... Basi Ijumaa watakusikia vilevile."

Neno la Ijumaa lilimpata Ilyasi kama kofi. Akageuka kumtazama mkewe, na hilo likawa kosa lake.

"Kwa nini unashtuka kusikia Ijumaa?" Khadidja aliuliza polepole. "Mchana baba alinipigia simu. Akaniambia, funga mizigo yako, Ijumaa baada ya swala nitasema jambo mbele ya watu, kisha unarudi kwangu na mtoto. Nikadhani ni maneno ya uzee. Ilyasi, baba alitaka kusema nini?"

Kule nje, nyumba kwa nyumba, majenereta ya Kiriri yalikuwa yanaanza kuguruma.

"Alitaka kusema wewe ni mwizi wa bidoni," Byamungu akamsaidia.

"Nyamaza!"

"Sema wewe, basi," Sikuzani akasema. "Mimi nimechoka, na nguo zangu ziko kwenye beseni."

Ilyasi aliketi chini, kanzu na yote.

"Mlango huu unatazama barabara ya juu," alianza. "Zamu yuko chini, haoni; akisikia mota anadhani nairekebisha. Mzee akienda msikitini, nafungua kwa simu, nachukua, narudishia maji, nafunga. Lakini yale macho yalinisumbua. Kila nikiacha bidoni njiani, mlango unakataa kushuka. Nikayapandisha juu. Kwa hilo tu. Wallahi, wakati ule sikuwa na nia nyingine."

"Na leo?"

"Alinipigia simu. Alijua mlango unatii simu mbili tu, yake na yangu; aliniita mwizi wa esansi. Miaka yote ananidhihaki. Mbele ya wageni: 'Huyu mkwe wangu, anauza nyaya, kichwani mwake pia ni nyaya.' Nilivumilia. Leo akasema atanivua nguo mbele ya msikiti na atamchukua Khadidja na mtoto. Nikaja kumwomba. Nilikuja kumwomba! Nikasimama pale kwenye kona ya juu. Nikamwona anaswali mlangoni, amekaa kama askari wa mabidoni yake. Hata Mungu alikuwa anamwomba huku analinda maji. Akasujudu. Majenereta yakanyamaza. Simu ilikuwa mkononi."

"Kisha?"

"Kidole kilitangulia."

Khadidja hakulia. Alimsogelea mumewe, akainama, akamtemea mate kwenye ile kanzu safi, taratibu, kama anayebandika stempu.

"Mpige pingu," Sikuzani aliamuru. Destin akafanya hivyo. Wakamnyanyua.

Nje Akilimali alikuwa anagonga chuma kwa ngumi: magharibi imeingia, mko wapi, nampeleka zamu! Destin alibonyeza kibonye cha ukutani. Hakuna. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba umeme ni kiziwi. Mlango haukutikisika.

Wakabaki humo, muuaji na wafiwa na polisi, na harufu ya kutu.

Khadidja alijifuta mdomo. Akamgeukia yule mtu ambaye mdomo wake alikuwa ameupasua yeye mwenyewe alasiri ile.

"Byamungu," alisema, na sauti yake ilikuwa bado ya kutuma mtumishi. "Tufungulie."

Byamungu alijikung'uta magoti. Alichukua blanketi lake kwenye msumari, akaliweka begani. Kisha akaketi tena juu ya tairi, raha mustarehe, kama mgeni anayesubiri chai.

"Apana," alisema. "Iambie simu ikufungulie."

Sikuzani alicheka hadi kandambili moja ikamtoka. Halafu akajinyoosha mwenyewe, akavuta kamba nyekundu iliyoning'inia chini ya mota, ile ya kuuachilia mlango umeme usipokuwepo, akainama na Destin kuinua chuma cha Mzungu kwa mikono. Kilipofika kiunoni, wa kwanza kupita chini yake alikuwa zamu, na hakumpisha mtu. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye geti la chini, alipoketi Marguerite, na geti hilo alilifungua kwa mkono wake, akaliacha wazi.