Injinia wa Barabara ya Soko

Jioni hiyo kituo cha mabasi cha Barabara ya Soko kilikuwa kimefurika watu, na magari yamesimama yakigusana pua na mkia. Mvua ilikuwa imekatika punde tu. Lami iling'aa, na taa nyekundu za magari zilitandaa juu yake kama rangi iliyomwagika. Katikati ya umati alisimama kijana mrefu, muuguzi wa wodi ya watoto, sare yake nyeupe ikichungulia chini ya koti la kijivu. Alikuwa anasubiri basi, na alikuwa keshakata tamaa.

"Kaka, samahani. Nishikie hapa."

Aligeuka. Msichana aliyevaa gauni la manjano na buti za mpira alikuwa anamnyooshea ncha ya tepu ya kupimia.

"Nishike tu?"

"Shika, usiachie. Wala usinikimbie nayo."

Akashika. Msichana akapenya katikati ya magari, tepu ikifunguka nyuma yake, mpaka akabaki doa la manjano ng'ambo ya barabara. Madereva walimpigia honi. Yeye akawapungia mkono. Kisha akarudi taratibu akiiviringisha tepu, mpaka vidole vyake vikagusa vya muuguzi.

"Asante. Sasa unaweza kuachia."

"Nikiachia nitakuona wapi tena?"

Msichana akacheka. Alikuwa injinia wa halmashauri ya jiji. Alimweleza kwamba anataka upande mmoja wa barabara uachiwe mabasi peke yake, na njia ya waenda kwa miguu ipanuliwe.

"Barabara yenyewe ni pana," alisema. "Shida ni kwamba kila mtu amekuja na sebule yake ya magurudumu manne."

Tangu siku hiyo kijana akamwita Injinia, naye akaitwa Nesi. Mapenzi yao yalikulia kwenye foleni, kwa simu, jioni baada ya jioni.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Palepale pa jana. Nadhani hili basi limeota mizizi."

"Basi nisimulie kitu."

Nesi alimsimulia habari za watoto wa wodini, mmoja aliyekataa dawa mpaka mdoli wake naye anywe. Injinia naye alimsimulia mji aliokuwa nao kichwani: miti kando ya njia, mabasi yanayopita bila kusukumana, akina mama wakivuka barabara bila kukimbia. Nesi aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akafumba macho, akauona mji huo. Mara nyingine alipitiliza kituo chake kwa kusikiliza.

Injinia alilelewa na shangazi yake, mshona mapazia, mwanamke wa sauti ya taratibu. Nesi alipopelekwa kutambulishwa, alimkuta ameketi kati ya marobota ya vitambaa, miwani puani. Injinia alipoingia jikoni kuchemsha chai, shangazi aliweka sindano chini.

"Mwanangu, wewe ni kijana mzuri, sina neno. Ila huyu nimemlea kwa mikono hii. Nisingependa aolewe halafu aendelee kunyeshewa vituoni."

Aliyasema bila ubaya, na chai ilipoletwa akamkaribisha kwa moyo. Lakini Nesi hakulala vizuri siku hiyo. Wiki iliyofuata akatafuta kazi ya ziada kwenye zahanati ya mtu binafsi, akaanza kuweka akiba.

Simu zikapungua.

"Leo siwezi, mpenzi. Nina kazi."

"Zamu yako si inaisha mchana? Na hao wanaocheka ni akina nani?"

"Wenzangu tu."

"Wenzako gani, Nesi?"

Nesi akabadilisha mazungumzo. Alitaka liwe jambo la kumshangaza. Injinia akakata simu, akakaa kitandani akiitazama kama ndiyo iliyomkosea.

Miezi kadhaa baadaye, Jumamosi moja asubuhi, gari dogo la rangi ya fedha likasimama mbele ya nyumba ya shangazi. Nesi alishuka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, ua jekundu mkononi.

"Nimekuletea," alisema, akilionyesha gari.

Injinia alisimama mlangoni. Wiki hiyo yote alikuwa amesimama mbele ya madiwani akichekwa, akiambiwa anataka kuwarudisha watu enzi za kutembea kwa miguu. Hatimaye walikuwa wamemkubalia njia ya mabasi na ile ya miguu, kwa majaribio tu.

"Ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya miezi yote hii?"

"Kwa ajili yako."

"Nimesimangwa wiki nzima kwa kuwaomba watu waache magari nyumbani, nawe unaniletea jingine. Mimi nilidhani una mwanamke."

"Injinia, sina mwanamke."

"Afadhali ungekuwa naye, ningejua la kufanya. Jioni zote zile nikiongea, ulikuwa unanisikiliza kweli?"

Nesi alikuwa na jibu. Lakini juu ya bega la Injinia aliona pazia la dirishani likitikisika, na shangazi amesimama nyuma ya pazia hilo. Akaliweka ua juu ya ngazi, akaondoka.

Siku zikapita, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Njia ya mabasi ilipofunguliwa, Nesi alikuwa ndani ya gari lake, kwenye foleni ileile. Vioo vilikuwa vimefungwa. Hakukuwa na bega la kumgusa, wala mtu wa kumwomba asogee. Upande wa kushoto basi likampita polepole, madirisha yakiwaka mwanga wa njano, watu ndani wakipepesuka pamoja kama walio ndotoni. Akachukua simu.

"Uko wapi?" aliuliza.

Injinia alijibu kwa sauti ya chini. "Ndani ya basi. Tumepita duka la vioo sasa hivi."

"Duka hilo liko mbele yangu. Basi lililonipita ndilo hilo."

"Kumbe ni wewe uliyeegemea usukani kama umefiwa." Alitaka kukasirika, sauti ikamsaliti.

"Usikate."

"Sikati."

"Shangazi aliniambia hataki unyeshewe vituoni. Ndiyo maana nilinunua."

Nesi alisikia kengele ya basi.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Alikuwa dirishani. Ningemwaibishaje mbele yako?"

Kisha akamsikia akisema kwa mbali, "Dereva, nishushe hapo kituoni."

"Unafanya nini?"

"Narudi kwa miguu."

Nesi akaliingiza gari kituo cha mafuta, akaliacha hapo, akatembea. Njia ya miguu bado ilinukia saruji mbichi. Akamwona akija, gauni la buluu, mkoba begani, uso umelowa machozi.

"Nilikufokea kabla ya kuuliza," Injinia alisema.

"Nami nilikuficha. Gari nitaliuza."

"Usiliuze. Si dhambi. Tutambebea shangazi marobota yake. Ila kazini tutakwenda kwa basi, na watu wengine."

"Umesema tutambebea."

"Nimesema."

"Basi tuoane, Injinia. Nisikupigie tena simu kukuuliza uko wapi."

Basi lilipita likifunika jibu. Nesi akainama. Injinia akamshika sikio, akalirudia.

"Nimesema ndiyo. Shangazi nitamwambia mwenyewe."

Wakatembea wameshikana mikono, wakikipita kituo kimoja, kisha kingine, mabasi yakisimama kwa ajili yao na kuondoka, wala hawakuyaona.