Taa Inayoning'inia Magotini

Lori lilikuwa limeshatoka langoni, na Chepkoech alikuwa bado analikimbilia. Juu ya mzigo wa mabati, nguzo na majembe, mama yake alimpakata mtoto mchanga kwa mkono mmoja na kumpungia Chepkoech kwa mwingine. Mbuzi walilia nyuma kana kwamba wao ndio walioachwa. Baba yake, Kipyego, alitoa kichwa dirishani, kando ya Gerishon, dereva.

"Chepkoech! Miche!" alipaza sauti. "Usisahau miche!"

"Sitasahau, Baba!"

"Wewe ndiye umesoma. Chagua taa vizuri!"

Gerishon akapiga honi, lori likakata kona ya Elgon View, na barabarani likabaki vumbi tu.

Miaka ile ilikuwa ya kuhama. Wazungu walikuwa wakiuza mashamba na kurudi kwao, na wananchi wakijiunga pamoja katika ushirika na kuyanunua. Kipyego, aliyekuwa mtunza bustani katika nyumba kubwa pale Elgon View, alijiunga na wenzake wakanunua shamba upande wa Moi's Bridge. Walipokaa kupanga, kila familia ilipewa kazi yake. Huyu alete nguzo, yule alete mafahali wa kulima, na familia ya Kipyego ilete miche ya kabeji na nyanya ya bustani za wote. Mahindi ya nyanda zile hayana haraka. Kabla hayajakomaa, mboga ndizo zingelisha watu na kupelekwa sokoni. Miche ikikosekana, ushirika mzima ungekaa kuyatazama mahindi yakikua, na njaa haitazamwi.

Chepkoech alibaki Eldoret ili amalize darasa la saba. Aliachwa kwa Mama Hulda Ogola, ambaye pamoja na mumewe walikuwa wametoka upande wa Ziwa na kuinunua ile nyumba Mzungu alipoondoka. Mama Hulda alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alikuwa mwanamke wa kutembea wima na kusema maneno machache, na akicheka, hata jirani alijua. Chepkoech alimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo ya mawe yenye kidirisha kimoja. Humo Mzungu alikuwa akiotesha maua chini ya taa za tyubu, zile ndefu nyeupe, na Kipyego alikuwa akiyaona maua hayo yakitoka yamenenepa. Mwaka uliopita mvua ya mawe ilikuwa imekipiga kitalu chake cha nje mpaka kikawa kama mboga iliyokwisha kukatwa tayari kwa sufuria. Ndiyo sababu aliomba ile stoo.

"Stoo iko, umeme uko," Mama Hulda alimjibu. "Pandeni."

Jumamosi moja Chepkoech aliingia stoo na Joash, mtoto wa Mama Hulda, ambaye walisoma darasa moja. Mzungu alikuwa ameondoka na tyubu zake, lakini fremu yake ilikuwa bado inaning'inia kwa minyororo miwili, chini sana, karibu na meza ya kupandia.

Joash akacheka. "Taa gani hii inaning'inia magotini kama mbuzi wa buchari?"

"Imelegea," Chepkoech alisema. "Taa huwekwa juu. Si tulifundishwa hata kanisani? Taa haifichwi chini, inainuliwa iwaangaze walio ndani."

Basi wakapanda juu ya meza, wakaifupisha minyororo, wakaivuta fremu mpaka ikagusa dari. Wakashuka na kuitazama. Ilipendeza kabisa, kama taa ya ofisi.

Kisha wakaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme. Muuzaji aliwasha tyubu mbalimbali wazione. Moja ilikuwa nyeupe ya ubaridi, kama mchana wenye mawingu. Nyingine ilikuwa nyeupe ya umanjano. Ya tatu ilikuwa na wekundu laini kama waridi.

"Hii!" Joash akasema, akiuweka uso wake chini ya ile ya waridi. "Ona, hata mimi nimekuwa mzuri."

"Hiyo huchukuliwa na wenye buchari," muuzaji alisema. "Nyama inaonekana imechinjwa sasa hivi. Nyinyi mnataka ya nini?"

"Ya miche," Chepkoech alijibu.

Muuzaji alimtazama, akainua mabega. Mteja ni mteja. Chepkoech akachukua mbili za waridi.

Alipanda kabeji na nyanya katika masanduku ya majani ya chai yaliyojazwa udongo mweusi na samadi iliyooza. Hakupanda mbegu zote. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba mtu hamwagi mbegu zote siku moja, hata mvua ikimwita kwa jina. Nusu alizifunga katika kitambaa akazitia chini ya mto wake.

Miche ikaota. Ikakua mbio. Kila asubuhi kabla ya shule aliikuta imeongezeka, mirefu, inanyoosha shingo kuelekea darini. Gerishon alipopita kuchukua mabati mengine, Chepkoech alimwambia kwa furaha, "Mwambie Baba imerefuka sana!"

"Msichana hodari," Gerishon akasema. "Mzee atafurahi."

Lakini miche haikuacha kurefuka. Mashina yakawa membamba kama uzi, meupe-meupe, na majani mawili madogo juu. Siku moja aliikuta miche kadhaa imelala. Kesho yake ikalala mingine. Aliiegemeza kwa vijiti vya kiberiti, ikalalia vijiti.

"Hiyo si miche," Joash alisema. "Hiyo ni tambi."

"Nyamaza! Na usimwambie mama yako."

Tangu siku hiyo Chepkoech alifunga mlango wa stoo na kutembea na ufunguo shingoni. Mama Hulda akiuliza, alijibu, "Inaendelea vizuri, Mama." Gerishon akapita tena.

"Ushirika umesema nije na lori Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Siku hiyo halitabeba kitu kingine, ni miche tu. Iko tayari?"

Chepkoech alitaka kusema hapana. Mdomo ukasema, "Itakuwa tayari."

Usiku hakulala vizuri, na shuleni hakusikia hesabu hata moja. Alimwona baba yake amesimama mbele ya wenzake, na mashimo ya bustani za watu wote yamechimbwa yanangoja. Lori la ushirika lilikuwa moja. Likija bure, kuna mtu ambaye nguzo zake hazitafika, na mwingine atakosa mbolea. Jioni alimkuta Mama Hulda jikoni akichambua dagaa. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani.

"Mama, nimekuwa nikidanganya. Miche imekufa, na ile ambayo haijafa inakufa."

Mama Hulda alinawa mikono polepole. "Twende tuione, nyathina," alisema, kwa maana ya mwanangu.

Stooni alisimama mlangoni. Hakugusa mche hata mmoja kwanza. Aliangalia juu, akaangalia chini, akapima kwa macho. Chepkoech alingoja kelele. Kelele hazikuja.

"Nani aliiinua taa hii?"

"Mimi. Ilikuwa imeshuka, na taa huinuliwa iwaangaze walio ndani."

"Walio ndani ya nyumba hii ni akina nani?"

Chepkoech hakuelewa.

"Ni miche," Mama Hulda alisema. "Wewe umewaangazia buibui. Miche iko huku chini inakufa ikiutafuta mwanga. Haikurefuka kwa afya, ilirefuka kwa shida. Na rangi hii ya buchari? Kesho ukitoka shule pitia dukani kwangu."

Kesho yake dukani, mteja alikuwa ameshika kitambaa cha kijani na kutoka nacho mpaka mlangoni kukitazama kwa jua. Mama Hulda alimwonyesha Chepkoech yule mteja kwa kidevu.

"Unaona? Kila mama wa Eldoret hufanya hivyo. Anajua taa hudanganya. Mimi nimehangaika na taa miaka mingi kwa ajili ya vitambaa." Akawasha tyubu ya waridi iliyotoka stoo, akaweka kitambaa kile chini yake. Kijani kikageuka kama tope. Akaizima, akawasha nyeupe ya ubaridi iliyokuwa dukani mwake, na kijani kikarudi. "Taa inayokuonyesha kijani cha kweli ina mwanga unaokaribia ule wa mchana. Jani limezoea mchana. Tutachukua moja ya hii na moja ya umanjano, zisaidiane. Balbu ya kawaida hapana. Ile ina moto, itaunguza. Na usipewe tyubu nzee ya bure. Ukiona ncha zake zimekuwa nyeusi, imechoka."

Chepkoech alimtazama jinsi alivyoigeuza tyubu mikononi na kuikagua ncha hadi ncha, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe. Akatamani siku moja ajue kitu hivyo.

Lakini Mama Hulda hakugusa kazi. "Mikono ni yako," alisema, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chepkoech na Joash walipaka kuta chokaa ili mwanga usipotelee gizani. Walizima umeme, wakafunga tyubu mpya, wakairefusha minyororo mpaka taa ikakaa shubiri moja tu juu ya masanduku. Mbegu zilizolala chini ya mto zikapandwa. Taa iliwashwa alfajiri na kuzimwa baada ya chakula cha jioni, kwa sababu, Mama Hulda alisema, hata mmea una haki ya kulala. Miche ikipanda, mnyororo nao unapandishwa tundu moja.

Bado palikuwa na jambo gumu zaidi. Gerishon alipopita, Chepkoech alimngojea langoni.

"Usije Jumamosi," alisema. "Mwambie Baba miche ya kwanza iliharibika, na mimi ndiye niliificha. Nimepanda mingine. Itachelewa."

Gerishon alikuna kichwa. "Nimwambie hivyo hivyo? Mbele ya watu?"

"Hivyo hivyo."

Joash alipomwona anarudi na macho mekundu, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji.

Miche ya pili haikuwa na haraka. Ilikaa chini, mashina manene, majani ya kijani kizito. Mvua za Aprili zilipokuwa zimeishika ardhi sawasawa, lori lilikuja, na Kipyego mwenyewe ndani yake. Aliingia stoo, akainama, akapitisha kiganja juu ya kabeji kama anayempapasa ndama mgongoni.

"Ulipoleta habari ile," alimwambia binti yake, "wazee walinung'unika. Lakini tuliweka maharagwe bustanini kwa muda, na lori likaleta mbolea. Ungenyamaza, tungepoteza vyote viwili." "Kukosea taa ni kujifunza. Hata mimi niliifagia stoo hii miaka yote bila kuuliza kwa nini taa iko magotini. Lakini mtu akikosea akasema mapema, watu hupata nafasi ya kumsaidia. Akificha, anawafungia wote gizani pamoja naye. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi shika upande huo wa sanduku."

Miche ilifika Moi's Bridge. Kabeji zilishika karibu zote. Nyanya kiasi ziliharibiwa na ukungu. Mahindi ya mwaka huo yalikuwa mazuri. Kipyego alilima shamba lile mpaka uzee na amezikwa humo. Gerishon aliuza lori akafungua posho mill ya kusagia watu mahindi. Joash alisomea umeme na kufanya kazi Kisumu. Chepkoech alifaulu mtihani, akasomea kilimo, akaajiriwa kuwatembelea wakulima, kisha akarudi shambani kwao. Mama Hulda aliuza vitambaa mpaka macho yakamkataa, na duka likachukuliwa na binti wa dada yake. Stoo iliwekwa kuku. Zile tyubu za waridi alipewa mwenye buchari.